Neno Moja la Kiingereza: "Prevent"

1. Barua ya mganga

Katika somo hili tutatazama neno moja tu la Kiingereza, nalo ni neno "prevent". Labda mtasema, "Neno moja lastahilije somo zima?" Sikilizeni kwanza habari hii, ndipo mtakapojua sababu ya kulichagua.

Nilipokuwa mwalimu kijana nalifundisha katika shule ya kijiji, mwendo wa siku moja kwa miguu kutoka misheni. Hata siku moja naliitwa misheni kwa mkutano wa walimu, nikakaa huko siku tisa. Nyuma yangu ikafika barua kwa mzee wa kijiji. Ilitoka kwa mganga wa zahanati, naye alikuwa mgeni katika nchi, hajui Kiswahili ila maneno machache. Kwa hiyo aliandika kwa Kiingereza, akitumaini ya kuwa mwalimu ataisoma. Mwalimu hayupo, basi mzee akamwita mwanafunzi wangu mmoja wa darasa la sita, kijana mwenye bidii kuliko wenzake wote, akamwambia, "Mjukuu wangu, tusomee maneno ya mganga."

Barua ilikuwa fupi. Ilisema kwamba kuhara damu kumeingia katika vijiji vya jirani, kisha ikasema hivi: "Boiled water prevents dysentery." Kijana akasoma, akafasiri: "Maji yaliyochemshwa huzuia kuhara damu." Watu wakashukuru, wakasema, "Dawa hiyo ni rahisi. Mtu akishikwa na tumbo, tutamchemshia maji." Wakarudi majumbani mwao, wakaendelea kunywa maji ya mtoni kama siku zote, wakingoja ugonjwa uje ndipo wachemshe maji.

Niliporudi nalikuta nyumba tatu zina wagonjwa, na mtoto mmoja mdogo amekwisha kuzikwa.

Jioni ile kijana yule alikuja kwangu, daftari lake mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Akafungua daftari, akaweka kidole juu ya mstari mmoja. "Mwalimu, ndivyo tulivyoandika darasani. Je, nimekosea wapi?"

Nikatazama. Palikuwa na maneno mawili tu, nayo nalikuwa nimeyaandika mimi mwenyewe ubaoni: prevent, zuia.

Sikuweza kumlaumu. Neno letu "zuia" ni kama nyumba yenye milango miwili. Twasema, "Zuia mbuzi wasiingie shambani," nao bado hawajaingia. Twasema pia, "Zuia damu," na damu imekwisha anza kutoka. Tena mtu akiomba dawa ya kuzuia kuhara, mara nyingi ni mtu ambaye tumbo linamwendesha saa ile ile. Kijana alifasiri kama nilivyomfundisha. Na watu waliosikia wakaingia kwa mlango wa pili, maana ndio waliouzoea. Lakini neno la Kiingereza lina mlango mmoja tu. "Prevent" ni kuzuia jambo kabla halijatokea. Jambo likiisha kutokea, "prevent" haina kazi tena.

Tangu siku ile nalikata shauri nisimwandikie mwanafunzi neno la Kiingereza kwa mstari mmoja, nikamwacha aende nalo.

2. Neno lilikotoka

Waingereza hawakulitunga neno hili wenyewe. Walilipata katika Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Kwa Kilatini "prae" ni mbele au kabla, na "venire" ni kuja. Ukiyaunganisha, maana yake ni kuja kwanza, au kutangulia.

Mtaona vipande hivi viwili katika maneno mengine ya Kiingereza. Majira ya kanisa yanayotangulia Krismasi huitwa "Advent", yaani kuja, kwa kuwa tunangoja kuja kwake Bwana. Jambo lililotukia huitwa "event", kama kitu kilichokuja nje kikaonekana. Na kipande cha "pre" kimo katika "prepare", kuweka tayari mapema; na katika "predict", kusema habari ya jambo kabla halijawa; na katika "preface", maneno yaandikwayo mwanzo wa kitabu. Mwanafunzi akiona "pre" mwanzo wa neno la Kiingereza, na ajiulize kama ndani yake mna habari ya kitu kinachotangulia. Si kila mara ataiona, lakini mara nyingi ataiona.

Sasa mtauliza, "Je, kutangulia kuligeukaje kuwa kuzuia?" Mtazameni mchungaji. Mchungaji mpumbavu, aonapo mbuzi wanaelekea shamba la mihogo, huwafuata nyuma akipiga kelele, nao huzidi kukimbia hata wakaingia. Mchungaji mwenye akili hakimbii nyuma yao. Hukata njia, huwatangulia, akasimama penye pengo la ua. Mbuzi wakifika humkuta yupo, nao hugeuka. Kwa kuwatangulia amewazuia. Ndivyo neno hili lilivyosafiri: kwanza lilikuwa kutangulia, kisha likawa kumtangulia mtu ili umkatie njia, mwisho likawa kuzuia. Sisi nasi tuna neno lifananalo nalo kwa safari hiyo, nalo ni "kuwahi". Ukimwahi mwizi mlangoni, umefika kabla yake, tena umemzuia asiibe.

3. Neno hili katika Biblia ya Kiingereza

Wako wanafunzi watakaosoma Biblia ya Kiingereza iliyopigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1611, wakati wa Mfalme James. Na wajihadhari. Katika kitabu kile "prevent" ingali na maana yake ya kale ya kutangulia.

Fungueni Injili ya Mathayo, sura ya 17, aya ya 25. Petro ameulizwa habari ya kodi ya hekalu, naye anaingia nyumbani. Kabla Petro hajafungua kinywa, Yesu anamwuliza swali juu ya jambo lile lile. Waingereza wa mwaka 1611 waliandika kwamba Yesu "prevented" Petro. Asomaye kwa maana ya siku hizi atadhani ya kuwa Yesu alimkataza Petro asiseme. Sivyo, maana yake ni kwamba Yesu alimtangulia kusema.

Tena katika Zaburi ya 119, aya ya 147, mwenye zaburi asema kwamba aliamka akamlilia Mungu kabla ya mapambazuko. Katika Biblia ile imeandikwa kwamba ali-"prevent" mapambazuko. Hakuna mwanadamu awezaye kuzuia jua lisichomoze. Lakini kila mtu aweza kuamka mbele yake.

Mahali pa tatu ni Waraka wa kwanza wa Paulo kwa Wathesalonike, sura ya 4, aya ya 15. Hapo Mtume awafariji watu waliofiwa. Awaambia kwamba siku Bwana atakapokuja, walio hai hawatawatangulia wale waliolala mauti. Msomaji asiyejua maana ya kale angefikiri kwamba habari ni ya walio hai kuwazuilia wafu njia, na faraja yote ingepotea. Kwa sababu hiyo watu walioitengeneza upya tafsiri ile ya Kiingereza, nao wakatoa Agano Jipya mwaka 1881, waliliondoa neno "prevent" katika aya hii, wakaweka "precede", ambalo hata leo ni kutangulia.

Tunajifunza nini? Kwamba neno lina umri kama mtu. Ukikutana nalo katika kitabu, uliza kwanza kitabu kiliandikwa lini. Lakini ninyi mwandikapo barua zenu leo, msiandike "prevent" kwa maana ya kutangulia, maana hakuna atakayewafahamu.

4. Jinsi ya kulitamka

Katika Kiswahili mkazo wa sauti hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo Mswahili akiona "prevent" hupenda kuongeza irabu mwishoni, akasema "priventi". Sivyo wasemavyo Waingereza. Neno lina silabi mbili tu, na mkazo uko katika ya mwisho: pri-VENT. Mwishoni pana "t" tupu. Ulimi wagusa nyuma ya meno ya juu, na neno limekwisha, wala hakuna irabu inayofuata.

Likiwa la wakati uliopita, "prevented", linapata silabi ya tatu, lakini mkazo hauhami: pri-VEN-tid. Hata katika jina "prevention" mkazo ungali pale pale, katika silabi ya pili. Semeni kwa sauti mara tano, mmoja mmoja, na mwenzako akusikilize.

5. Jinsi ya kulitia katika sentensi

Hapa ndipo wengi wajikwaapo, wala si kwa uvivu, bali kwa sababu wanafuata Kiswahili chao kwa uaminifu. Tazameni sentensi hii:

"The fence prevented the goats from entering the garden."

Kwa Kiswahili twasema, "Ua uliwazuia mbuzi wasiingie shambani." Angalieni neno "wasiingie". Ndani yake mna "si", yaani kanusho. Basi mwanafunzi akitaka kusema jambo hili kwa Kiingereza hutafuta neno la kuliweka mahali pa "si", akaandika: "The fence prevented the goats not to enter the garden." Hilo ni kosa. Mwingereza akisoma hivyo hushangaa, wala hajui kama mbuzi waliingia au hawakuingia.

Sababu ni hii. Kwa Kiingereza kanusho limekwisha kumezwa na "prevent" yenyewe. Ukiweka "not" baada yake umelitia mara mbili. Mahali pa "not" wekeni neno "from", na kitendo kinachofuata kimalizike kwa "ing". Mpango wake ni huu: kwanza azuiaye, kisha "prevent", kisha azuiwaye, kisha "from", kisha kitendo chenye "ing".

"The rain prevented us from working."
Mvua ilituzuia tusifanye kazi.

"His mother prevented him from touching the hot pot."
Mama yake alimzuia asishike chungu cha moto.

Jambo hili laonekana pia katika neno "before". Sisi twasema, "Funga mlango kabla mbuzi hawajaingia." Kiswahili hupenda kutaja kwamba jambo bado halijawa. Kiingereza hunyamaza: "Shut the door before the goats come in." Hakuna "not". Aliyelifahamu jambo hili katika "before" hatapata shida katika "prevent", maana ni ndugu wawili wa tabia moja.

Wakati mwingine azuiwaye hatajwi, litajwalo ni jambo lenyewe. Hapo "from" haihitajiwi: "Clean hands prevent disease." Mikono safi hukinga ugonjwa. Na katika kauli ya kutendwa: "The accident was prevented." Ajali ilizuiwa, yaani haikutokea kabisa.

Tena kuna jina "prevention", nalo ni kinga, au kazi ya kukinga. Na kuna neno la sifa "preventive", kama katika "preventive medicine", uganga ule ushughulikao na kuwalinda walio wazima wasiugue.

6. Majirani wa neno hili

Neno halifahamiki vizuri mpaka mtu amewajua majirani zake, kama vile shamba halijulikani mpaka mtu ameonyeshwa mipaka. Hawa ndio majirani wa "prevent".

"Forbid" ni kukataza kwa maneno. Baba aweza ku-"forbid" mtoto asiogelee mtoni, na mtoto akaenda akaogelea. Lakini kama baba ame-"prevent", mtoto hakuogelea, kwa kuwa njia ilikatika. Katika "forbid" kuna amri. Katika "prevent" kuna tokeo.

"Hinder" ni kutatiza au kuchelewesha. Matope yaliwa-"hinder" wasafiri, lakini walifika, ingawa usiku. Kama matope yangaliwa-"prevent" wasifike, wangalilala njiani au wangalirudi.

"Avoid" ni kujiepusha. Ukiona nyoka njiani ukapita kando, ume-"avoid" nyoka. Hukumfanya nyoka neno. Wanafunzi wengi huandika "I prevented the snake", na Mwingereza hungoja kusikia, ulimzuia asifanye nini? Kumbukeni: katika "avoid" mimi nahama njia, katika "prevent" jambo lenyewe halipati njia.

"Cure" ni kuponya. Aponywaye ameugua kwanza. Hapa ndipo kijiji changu kilipopotea, maana walisikia "prevent" wakafahamu "cure".

"Stop" ni kukomesha, na aghalabu ni kukomesha jambo lililokwisha anza. Ngoma ikilia usiku, mzee akaja akaamuru iishe, ame-"stop" ngoma.

Sasa jaribuni neno gumu. Nyumba moja inaungua kijijini, na watu wamekimbia na maji na majani mabichi. Je, twaweza kuandika, "They prevented the fire"? Hatuwezi, kwa sababu moto umekwisha kuwaka. Lakini kama waliizima nyumba ile, na nyumba za jirani zikasalimika, twaweza kuandika vizuri: "They prevented the fire from spreading." Kwa nini? Kwa sababu moto ulikuwapo, lakini kuenea kwake hakukuwapo bado. Neno "prevent" halitazami moto, latazama kuenea. Kila mara tazameni jambo lifuatalo "from", mwulize, "Je, jambo hili limekwisha kutokea?" Kama halijatokea, "prevent" yafaa. Kama limetokea, tafuteni neno jingine.

7. Mfano mmoja mkubwa: ndui

Ili tofauti ya "prevent" na "cure" iwakae moyoni, nitawapa mfano uliobadili maisha ya watu duniani kote.

Hapo zamani ndui iliua watu wengi sana katika Ulaya, Asia na Afrika, na waliopona wengi walibaki na makovu usoni, na wengine vipofu. Waganga hawakuwa na dawa ya kumponya mtu aliyekwisha kulala na ndui. Katika mji mdogo wa Berkeley, upande wa magharibi wa Uingereza, alikuwako daktari jina lake Edward Jenner. Alisikia watu wa mashamba wakisema kwamba mwanamke mkamuaji akiisha kupata ndui ya ng'ombe, ambayo ni ugonjwa mwepesi, hashikwi na ndui ya watu. Mwezi wa Mei, mwaka 1796, alichukua usaha wa ndui ya ng'ombe mkononi mwa mwanamke mmoja mkamuaji, akamchanja mtoto wa miaka 8, jina lake James Phipps. Mwezi wa Julai akamtia mtoto yule usaha wa ndui yenyewe. Mtoto hakuugua. Siku hizi sheria hazimruhusu daktari kumjaribu mtoto kwa hatari ya namna ile. Lakini habari ndivyo ilivyokuwa, na mwaka 1798 Jenner aliitoa katika kitabu.

Angalieni: Jenner hakugundua dawa ya kumponya mgonjwa. Aligundua njia ya kumkinga aliye mzima. Kazi yake haikuwa "cure", ilikuwa "prevent". Kazi hiyo ikaitwa kwa Kiingereza "vaccination", kutoka neno la Kilatini "vacca", yaani ng'ombe jike. Sisi twaiita chanjo, kwa sababu ngozi huchanjwa.

Chanjo ilienezwa nchi baada ya nchi. Mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia yake ya kawaida alikuwa mpishi wa hospitali katika mji wa Merka, pwani ya Somalia, mwaka 1977. Alipona, na baadaye alifanya kazi ya kuwahimiza wazazi wawapeleke watoto wao kuchanjwa wasipate ugonjwa wa kupooza. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imekwisha kabisa miongoni mwa wanadamu.

Basi tukiandika habari hii kwa Kiingereza tutasema: "Vaccination prevented smallpox." Tumeweka wakati uliopita, kwa kuwa ndui yenyewe haipo tena. Na mtu akiandika "Vaccination cured smallpox," hakukosea neno moja tu. Amekosea habari nzima. Wahenga wetu walilijua jambo hili waliposema, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Kuziba ufa ndiyo "prevent". Kujenga ukuta ni kazi ya yule aliyechelewa.

8. Jinsi ya kujifunza kila neno

Mwanafunzi akikutana na neno jipya la Kiingereza, asiridhike na neno moja la Kiswahili ubavuni pake. Na aulize maswali manne. La kwanza: Neno hili latumika wakati gani, kabla ya jambo, au katika jambo, au baada yake? La pili: Ni maneno gani yanayolifuata? La tatu: Majirani zake ni nani, na mpaka uko wapi? La nne: Neno la Kiswahili nililolichagua lina milango mingapi, na msikilizaji ataingia kwa mlango upi? Swali hili la nne ndilo kubwa, kwa kuwa afasiriye hasemi kwa ajili yake mwenyewe, bali kwa ajili ya watu wasioweza kukisoma kile alichokisoma yeye. Wanamwamini. Hawana namna ya kumpima.

Sasa nimalize habari ya kijiji chetu. Usiku ule mimi na kijana yule tulikaa penye taa, tukaitazama tena barua ya mganga. Nikamwuliza, "Mwanangu, ungeifasirije sasa, hata bibi yako asiyejua kusoma asikosee?" Akafikiri kitambo kirefu. Kisha akasema, "Mwalimu, ningesema hivi: Chemsheni maji leo, mngali wazima."

Katika maneno yake hamna "zuia" wala "kinga", walakini maana yote ya "prevent" imo. Asubuhi kabla jua halijachomoza alianza kupita nyumba kwa nyumba, akiwaambia watu maneno yale yale. Wagonjwa tuliwapeleka zahanati kwa machela. Katika nyumba ya yule mtoto aliyezikwa kijana hakusema neno. Alichukua mtungi akaenda mtoni, akawasha moto uani, akawachemshia maji wale watoto waliosalia, akakaa pale mpaka yakachemka.

Maswali

1. Kwa nini watu wa kijiji hawakuchemsha maji baada ya kusomewa barua? Kosa lilikuwa la nani?

2. Eleza kwa maneno yako jinsi kutangulia kulivyogeuka kuwa kuzuia. Toa mfano wako mwenyewe, usio wa mbuzi.

3. Sahihisha sentensi hizi: (a) "The teacher prevented the boys not to fight." (b) "I prevented the snake on the road." (c) "The doctor prevented the sick man and he is well now."

4. Andika kwa Kiingereza: (a) Mto uliojaa ulituzuia tusivuke. (b) Chandarua humkinga mtoto asiumwe na mbu.

5. Tafuta neno jingine la Kiswahili lenye milango miwili kama "zuia". Tunga sentensi mbili kuonyesha kila mlango, kisha tafuta neno la Kiingereza lifaalo kwa kila moja.